Punda Asiyegeuka

Shangazi yangu wa Chemba alikuwa na punda ambaye ukimwita anageuka. Punda wengi hawana habari na mtu, wao husikiliza fimbo. Huyu ukisema tu "wewe" kutoka mlangoni, shingo hiyo, anakutazama. Ndiye aliyembebea shangazi madumu ya maji kutoka kisimani, njia ndefu ya mchanga na miiba. Kiangazi kimoja, mimi nikiwa mwaka wa kwanza wa sheria hapa Dodoma, akapotea. Shangazi alimtafuta hadi akakata tamaa, akarudia kubeba ndoo kichwani, na goti lake lilikuwa bovu tangu zamani.

Miezi ikapita. Siku moja natoka kwenye kipindi cha sheria ya jinai, kichwa kimejaa. Mwalimu wetu, mama mkali asiyevumilia mtu wa kusinzia, alikuwa ametukaririsha darasa zima kama watoto wa chekechea: ili kosa lisimame lazima pawe na tendo, na ndani ya tendo pawe na nia ovu. Kimoja kikikosekana, hakuna kosa. Tena mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kwamba yu safi. Mzigo ni wa anayeshtaki, na shaka ya maana ikibaki, inamfaa mshtakiwa. Nilikuwa natembea kifua mbele, najiona hakimu tayari. Simu ikaita, ni baba.

"Shangazi yako amekamatwa," akasema. "Ameiba punda."

Nilidhani ananitania. Shangazi yangu ni mtu wa kurudisha sindano aliyoazima. Lakini baba hakuwa anacheka, na aliponieleza nikakaa chini pale pale kwenye ngazi za darasa. Shangazi alikuwa amekwenda mnadani, akamwona punda amefungwa kwenye mti wa miiba pembeni, rangi ile ile, mstari mweusi mgongoni ule ule. Akamfungua mchana kweupe, akapita naye katikati ya watu akisalimia kila anayekutana naye, "Jamani, punda wangu amepatikana." Wiki haikuisha, mwenye punda akafika na askari. Ni mzee mmoja wa kijiji cha pili, alikuwa amemfunga pale akaingia mnadani kununua chumvi. Punda wake alikuwa na kovu chini ya shingo ambalo kijiji chake kizima kinalijua. Punda akarudi kwa mzee, na shangazi akafunguliwa kesi ya wizi wa mifugo. Baba alimdhamini, lakini kesi ile si ya mchezo. Akitiwa hatiani anakwenda jela, na umri wake ule.

Ijumaa nikapanda basi kwenda Chemba. Nikamkuta jikoni anachambua mlenda, amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, nami sikungoja hata kupoa. Mimi nina haraka na nina mdomo, wanaonijua wanajua.

"Shangazi, nisikilize vizuri. Watakusomea shtaka, kisha watakuuliza ni kweli au si kweli. Ukisema ni kweli, umejimaliza. Wewe sema si kweli."

Akaacha mlenda. "Niseme sikumchukua?"

"Useme si kweli, basi."

"Na mnada mzima umeniona? Ndiyo mnayofundishwa huko, mwanangu? Tumekuuzia mbuzi usome, unarudi kunifundisha uongo?"

Nikaanza kumweleza tendo na nia, maneno ya darasani yale yale, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunitazama kwa huruma, kama mgonjwa mimi. Nilikasirika. Namwokoa mtu na jela, mtu ananiombea dua. Mwishowe nikaona kandambili zake mlangoni.

"Shangazi, umetoka msikitini, umevaa kandambili za mwenzio ukidhani zako. Umefika nazo nyumbani. Umeziiba?"

"Nimekosea. Nitazirudisha."

"Lakini si umezichukua?"

"Nimezichukua, sikuziiba." Akachambua jani moja, akalirudisha kwenye ungo. "Kumbe ndiyo hiyo sheria yenyewe?"

"Ndiyo hiyo. Mwaka mzima tunasoma hiyo."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike. Lakini neno "si kweli" alilikataa katakata. Alisema ataongea atakavyoweza kuongea, na Mungu anamsikia. Nikalala kwa hofu, maana nilishasoma kesi za watu waliojibu "ni kweli" kwa unyoofu wao tu, wakafungwa.

Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma. Wakili hakuwepo, na mimi mwanafunzi sina ruhusa hata ya kukohoa. Shtaka likasomwa. Shangazi akasimama, kashika ncha ya khanga.

"Ni kweli nilimchukua, mheshimiwa," akasema. "Lakini nilimchukua kama mtu anayechukua kandambili za mwenzake msikitini. Nilisema ni punda wangu."

Hakimu alimtazama, kisha akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Huko si kukiri kosa," akasema. "Mahakama inaandika kwamba mshtakiwa amekana." Niliinamisha kichwa nikalia, sikujali nani ananiona.

Mashahidi wakaitwa siku iliyopangwa baadaye, na niliomba ruhusa chuoni nikaenda. Aliyetangulia ni muuza kamba wa mnadani. Alieleza jinsi shangazi alivyomfungua punda na kusalimia watu. Kisha mzee mwenyewe. Hakimu akamuuliza kama alimkuta punda amefichwa.

"Hapana, mheshimiwa. Alikuwa amefungwa mbele ya mlango, anakula pumba. Huyu mama alinikaribisha maji kabla sijasema shida yangu."

Upande wa mashtaka ulipomaliza, hakimu alisema tendo limeonekana lakini nia ya kuiba haikuonyeshwa na shahidi hata mmoja. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Anaachiwa. Yaani hata kiapo hakula. Hakuna aliyemuuliza swali lolote.

Nje nilimkumbatia nikamzungusha, baba akapiga simu kwa ukoo wote. Shangazi peke yake ndiye hakufurahi. Tulitembea kurudi nyumbani, baba mbele na simu yake, sisi tukimfuata polepole kwa sababu ya goti.

"Mbona hawakuniuliza?" akasema.

"Hawakuhitaji. Wao ndio wenye mzigo, shangazi, si wewe."

"Wangeniuliza ningesema."

"Ungesema nini?"

Akasimama kama anayepumzisha mguu. "Kwamba zile kandambili zilinibana kidogo."

Sikuelewa. Akanieleza bila kunitazama. Pale mnadani, kabla hajafungua kamba, alimwita punda. Hakugeuka. Akamwita tena, hakugeuka. Akajiambia mnyama amekaa mbali siku nyingi, amenisahau. Goti lilikuwa limevimba na nyumbani ndoo ilikuwa tupu. "Sikujua kwamba si wangu," akasema. "Ila sikutaka kujua. Mwalimu wenu anasemaje hapo?"

Mwalimu wetu alikuwa na mengi ya kusema hapo. Alitufundisha habari za mtu anayefumba macho kusudi asione. Nilijua kabisa kanuni hiyo iko ukurasa gani, na sikuthubutu kuitamka. Nilimpenda mno kwa saa ile.

"Shaka ni ya mshtakiwa, shangazi," nikamwambia.

"Hata kama mwenye shaka ni mshtakiwa mwenyewe?"

Kesho yake akajifunga khanga mbili, akaniambia nimsindikize kwa yule mzee. Nikamwambia mahakama imeshamwachia, na anachokwenda kusema huko si cha kusemwa mbele ya mlalamikaji. Nilimkalia kooni njia nzima. Yeye akazidi kuchechemea mbele.

Tulimkuta mzee uani, punda amefungwa karibu na zizi. Wakasalimiana kwa urefu, habari za wagonjwa, habari za mvua. Kisha shangazi akasema yote, kuanzia goti hadi kuita mara mbili. Mimi nilikuwa natazama chini, nimekunja vidole vya miguu.

Mzee akageukia zizini, akamwita punda kwa sauti kubwa. Punda akaendelea kutafuna. Akamwita tena.

"Unaona?" akamwambia shangazi. "Hata mimi hanigeukii. Huyu tangu azaliwe hajamgeukia mtu. Kwa hiyo kutogeuka si dalili ya kitu, dada yangu. Futa moyoni."

Ule ulikuwa mlango wazi kabisa, na ulifunguliwa na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuufunga. Nilimbonyeza shangazi kiuno apite, aseme ahsante, twende zetu. Yeye alikuwa anamtazama yule punda, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Wangu alikuwa anageuka," akasema.

Mzee akavuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akamwambia akae.