Talaka Niliyompa Bibi

Bibi mzaa baba alikuwa mke wangu. Kwetu Tanga mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na utani huo humpa bibi ruhusa ya kumdai posho, kumwonea wivu na kumsema mbele za watu. Wenzangu walikuwa na bibi wapole wenye waume tele. Wangu alitaka mmoja tu; alisema hata huyo mmoja anamshindisha njaa. Nikimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?" Sikuwahi kuleta kitu.

Nilipochaguliwa kwenda Ulaya, kukaa mwaka kwa watu nisiowajua na kusoma shule yao, mjini hapakuwa na sukari wala sabuni. Tulifulia majani ya mpapai. Mtaa wetu mzima wa Chumbageni ukajua kwamba mimi nakwenda kwenye sabuni. Alasiri ya kuagana nyumba ilijaa watu, wakanywa chai ya tangawizi isiyo na sukari kwa adabu kubwa, wakingoja burudani. Bibi akaileta.

"Huyu anakwenda kwa wazungu," aliwaambia, "mie ananiachia nani? Hata kipande cha sabuni hajaniachia. Aniache basi, nitafute mwingine."

"Mwache, mwache," shangazi zangu wakadakia.

"Nimekuacha," nikasema.

"Hiyo talaka moja ina rejea," akasema bibi. "Msomi mzima, hata kuacha hujui?"

Kijana aliyetoka kufaulu hapendi kuambiwa kuna kitu asichokijua. Nikazimaliza zote tatu, kwa sauti ya kadhi. Shangazi mmoja alicheka hadi akajimwagia chai. Bibi hakucheka. Alivuta ushungi, akaingia chumbani.

Asubuhi ya safari nilimfuata kuomba radhi. Katika ukoo wetu mtu hasafiri bila mkono wa bibi kichwani. Marehemu baba hakupanda hata basi la Muheza kabla hajainamishwa. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Bibi, basi linaondoka. Niombee dua."

"Nani huyo?"

"Mumeo."

"Mie nimo edani. Sionani na wanaume wa watu."

Nikacheka, nikangoja naye acheke. Mama akanishika mkono. "Twende. Utani wa bibi yako huujui?" Niliujua. Siku zote uliishia kwa mlango kufunguliwa. Siku hiyo haukufunguliwa, nami nikapanda basi bila radhi.

Kila lililonipata huko nilikokwenda nililipatia sababu hiyo moja. Baridi ilikuwa ya kukosa radhi. Mbwa wa nyumba niliyofikia, aliyemtikisia mkia kila mgeni isipokuwa mimi, naye alikuwa wa kukosa radhi. Mama mwenyeji aliniuliza mezani ni nani ninayemkumbuka zaidi. Nikamjibu, kwa lugha yao niliyoijua nusu, kwamba ni mke wangu niliyemwacha, yaani mama yake baba. Wakaacha kutafuna. Keshoye akaletwa mchungaji, mtu mpole, anisikilize. Nikamfafanulia utani kwa kirefu. Aliposhindwa kuelewa aliniombea. Dua nikawa nimeipata, ila si ya mtu niliyemtaka.

Mwaka ukazaa mingine, kwa kuwa nilipata chuo hukohuko. Niliporudi nilibeba sanduku zito la sabuni za manukato. Nilikusudia ziwe mahari ya kurudiana. Kwa hesabu yangu, siku bibi atakaponiita tena mume ndiyo siku nitakayokuwa na radhi. Lakini ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilikuwa imenitangulia. Kutoka stendi niliziona sabuni zilezile zimepangwa kando ya njia, juu ya meza, pamoja na ndala.

Bibi alikuwa amehamia kwa shangazi, mtaa wa Nguvumali. Nilimkuta uani na binamu yangu, mchuuzi wa samaki wa Kigombe, jitu zima lenye magamba mikononi, likimtolea miba kwenye kipande cha samaki changu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgeni. Karibu."

Nikafungua sanduku. Akanusa sabuni moja, akamrushia binamu. "Mume wangu, kaogee hii. Unanuka."

"Bibi, ule ulikuwa utani."

"Tatu hazina rejea. Mpaka huyu naye aniache. Mwombe."

Nikamgeukia binamu. "Mwache basi, ndugu yangu."

"Nimwache?" Hakuinua hata uso. "Wakati wewe unakula siagi, nani alikuwa anamletea kitoweo? Siachi."

Na hakuacha. Miaka ikapita, nikiamkia na kuitikiwa mgeni, hadi bibi alipolala kitandani asiinuke tena. Hapo nikaona nisimzunguke. Nikamwomba radhi.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Radhi nilikupa kabla basi halijaondoka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nakusomea dua. Wewe ulikuwa unacheka, ungesikia wapi?"

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Uliporudi ulidai ndoa. Radhi hukuidai."

Mtu mwingine angenyamaza hapo na kumshukuru Mungu. Mimi nimesoma. "Na ndoa?" nikauliza.

"Ndoa huna."

Akafumba macho, akamwita mumewe aje amgeuze upande wa ukutani. Binamu akaja, akanipisha kando kwa kiwiko, akinukia samaki na sabuni yangu.