Dikteta wa Tangi la Kijiji

Siku hizi nafungua bomba uani kwangu, maji yanamwagika nayaangalia tu, na moyo unanirudisha kwa Bi Rahima, jirani yangu wa hapa Newala. Loo, mama yule tulimkoma!

Zamani huku juu kwetu maji yalikuwa ya mvua, tukiyakinga kwenye tangi moja la kijiji. Yakiisha, ni kuteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, mgongo ukilia. Kwa hiyo kiangazi kikianza wazee walimkabidhi Bi Rahima ufunguo. Kila nyumba ndoo moja. Ukileta ya pili: "Mama Stamili, hiyo ya nani? Ya jini wako?" Mama Stamili ndiye mimi, na aibu niliyoipata usiniulize.

Soko huria likaingia, na malori ya wanunuzi wa korosho yakaja. Dereva mmoja akataka kujaza mapipa yake maji ya tangi, la sivyo ataenda kununua korosho kijiji kingine. Vijana wakamshabikia. Bi Rahima akakalia mfuniko wa tangi.

"Watoto wetu hawanywi korosho. Nenda zako!"

Kijana Fakihi akapaza sauti: "Dikteta!" Neno hilo tulikuwa tumelipata redioni, enzi za kuanza vyama vingi. Watu wakaangua kicheko.

Lilimuuma sana. Nikamsindikiza kwa Mwalimu Cecil, mzee wa Lulindi aliyefundishwa Kilatini na wamisheni.

"Shikamoo, Mwalimu. Dikteta ni mdudu gani?"

"Marahaba. Ni mtawala asiyeambilika, anayekanyaga watu. Lakini huko Roma ya kale neno hilo lilikotoka, kilikuwa cheo halali. Hatari ikija wanamteua mtu mmoja, neno lake ndilo sheria. Hatari ikipita anarudisha madaraka, anakwenda zake shambani."

"Na asiporudisha?"

"Ndio hao wa redioni."

Bi Rahima akafuta machozi. "Basi na waniite."

Maji yalitutosha. Mvua ya kwanza ilipopiga bati, alitoka akilowa, akaweka ufunguo mbele ya wazee, akashika jembe lake. Ikawa hivyo kila mwaka, na kila kiangazi tukaenda kumbembeleza mlangoni: "Hodi, Bi Dikteta!"

Alipofariki, watani wake walilizuia jeneza kama ilivyo ada, ndoo mikononi.

"Hapiti mtu! Pangeni foleni!"

Tulicheka huku tunalia. Fakihi, sasa mtu mzima mwenye mvi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanga foleni.