Siku Kumi za Paka wa Mahoko

Panya alimng'ata Teta kidole cha mguu mchana kweupe, mtoto akiwa amelala mkekani kando ya magunia ya sambaza. Alikuwa na miezi saba. Mama yake, Verediane Munezero, alikuwa uani akigeuza samaki juani. Aliposikia kilio na kuingia mbio, alikuta damu, na mkia ukipotelea nyuma ya magunia.

Chumba chao ni kimoja. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hukaushwa uani na kulala ndani, kwa kuwa wakilala nje hawaonekani asubuhi. Panya nao hufuata sambaza. Mumewe, Gentil, ni mvuvi, na huenda juma zima bila kufika nyumbani. Basi kesho yake Verediane alipanda hadi soko la Mahoko, akarudi na kikapu chenye paka jike wa kijivu, aliyesifiwa na mwuza maharage kwamba panya humjua kwa jina.

Jirani yake Nyirabahire, mama mtu mzima aliyefuga paka maisha yake yote, alimwonya asifanye haraka. Paka akutanishwe kwanza na harufu ya mtoto: apewe nguo yake ailalie siku tatu, alishwe juu yake, ndipo aonyeshwe mtoto mwenyewe. Ushauri ulikuwa mzuri. Verediane akatoa kitenge anachombebea Teta. Hakuna kati yao aliyewaza kwamba ni kitenge hichohicho anachofanyia kazi tangu alfajiri, mtoto mgongoni, na kufutia mikono kila anapochambua samaki. Paka alikilalia, akakilamba, akakitafuna pindo. Wanawake wale wakatazamana wakaridhika: amezoea.

Siku ya nne Verediane aliketi na Teta mapajani, akamwita paka. Paka akaja polepole, akanusa kiganja cha mtoto, akakilamba. Teta akacheka. Kisha paka akauma, kwa utulivu, kama anayechukua kilicho chake, na mama alipomvuta hakuachia.

Katika kituo cha afya muuguzi aliosha jeraha kwa sabuni na maji kwa muda mrefu, akachoma sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa, akauliza kama paka alichanjwa. Verediane hakujua. Aliuliza kwa sauti ndogo kama arudi akamuue.

"Hapana, mama. Musimuue, musimufukuze," muuguzi alisema. "Mumufunge siku kumi, mumupe chakula, mumuangalie. Akibaki muzima, donc mutoto iko salama. Akipotea tutaendelea na sindano, lakini mi na we tutabaki na woga."

Hivyo Verediane akaishi chumba kimoja na mnyama aliyemuuma mwanawe, na akawa anamwombea uzima. Alimfunga kamba kwenye mguu wa kitanda. Teta hakuwekwa chini tena. Mama alipika, akachambua samaki, akaenda hata chooni akiwa naye mgongoni. Mara ishirini kwa siku alimchungulia paka: amekunywa maji? Mbona anatoa mate? Mtoto alipopiga chafya tu, alimgusa paji la uso.

Siku ya sita tangu paka aume, Gentil alirudi kutoka ziwani wakati mkewe yuko bombani. Aliambiwa njiani tu kwamba mtoto wake ameumwa na paka. Hakungoja mengine. Aliikata kamba, akamshika paka shingoni, akamtupa nje ya ua na kumsindikiza kwa jiwe.

"Ile shida yako nimeshaimaliza," alimwambia Verediane alipoingia.

Verediane aliitazama kamba. Akatua ndoo, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akalia. Maneno ya muuguzi aliyasema vipande vipande, na Gentil alibaki amesimama huku uso ukimbadilika. Akatoka.

Verediane naye, Teta mgongoni, aliteremka kuelekea ufukweni, akipenya kati ya meza za kukaushia, akiinama chini ya kila mtumbwi uliopinduliwa. Wachuuzi waliozoea kumwona akifukuza paka walimcheka.

"Mama Teta, leo unawaalika?"

Aliendelea kuinama na kuita. Walikuja paka wawili weusi na mmoja mwenye jicho moja. Wa kijivu hakuwepo. Jua lilikuwa linainama juu ya Goma alipokata tamaa na kupanda nyumbani.

Alimkuta Gentil ameketi sakafuni, mlango umefungwa, koti lake limekumbatia kitu kinachohangaika. Mikono yake ilikuwa imechanwa hadi kwenye viwiko, na chini ya kidole gumba palikuwa na matundu mawili yanayotoa damu.

"Imeniuma na mimi," alisema. "Imebaki siku ngapi?"

"Ine."

Verediane alimwosha mikono kwa sabuni, muda mrefu, kama alivyomwona muuguzi akifanya. Kisha akachota sambaza kiganjani, akapiga magoti mbele ya koti, na wote wawili wakasubiri kuona kama paka atafungua mdomo ale.