Chupa Niliyoishusha Chinongwe

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikaanza kwa kubeba magunia sokoni Nachingwea, leo nina mashine mbili za kusaga na nyumba ya tofali za kuchoma. Kwa hiyo niliponunua shamba la mikorosho Chinongwe, upande wa Ruangwa, nikakuta chupa nyeusi yenye kitambaa chekundu inaning'inia kwenye mkorosho wa katikati, nilicheka.

Jirani yangu wa shamba, mama mmoja mwenye mdomo, akaja mbio. "Tajiri, usiiguse! Hiyo ni dawa ya wezi. Mtu akila korosho za humu bila ruhusa, tumbo linavimba."

"Limeshamvimba nani?"

"Nani ajaribu?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa kupima. Mashine ikigoma naifungua nione. Nikaita watu, nikaokota korosho chini ya chupa ile, nikazichoma, nikabangua, nikatafuna.

"Si wewe ndiye mwenye shamba?" jirani akasema. "Dawa inakujua."

Hapo alinibana. Nikamgeukia dereva wa bodaboda aliyenileta, mgeni kabisa pale. "Okota kama mwizi." Akaokota, akala, tukakaa naye mpaka jioni. Tumbo halikuvimba. Akaomba na za njiani! Nikaishusha chupa, nikaipasua kwenye jiwe. Majivu na sindano yenye kutu, basi. Siku ile nilitembea kama mkuu wa wilaya.

Korosho za msimu ule zilikuwa na kazi moja, kumwezekea mama yangu nyumba yake kule Mtua kabla ya mvua. Zilipoanza kudondoka, tukakuta asubuhi mabibo matupu yametapakaa chini, korosho zimenyofolewa zote. Kesho yake vilevile.

Mke wangu hakupiga kelele. "Baba watoto, watu uliwaita mwenyewe. Umewaonyesha kwamba humu mtu anakula na havimbi."

"Kwa hiyo dawa ilikuwa ya kweli?"

"Sijasema hivyo. Nasema tundika nyingine. Mama analala chini ya nyasi zinazovuja."

Jirani naye alishanitafutia mganga wa bei nafuu. Nilikataa, na mpaka leo nakataa. Chupa haikumzuia mwizi. Mwizi alizuiwa na woga wake. Wanasema ni yale yale. Si yale yale hata kidogo! Nitundike tena uongo nilioupasua kwa mkono wangu, halafu niwatazame watu usoni? Niliweka walinzi wawili mpaka korosho ya mwisho ikaanguka. Mabati yakatosha upande mmoja tu wa paa. Mama akahamishia kitanda upande mkavu, akaniambia nina kichwa kigumu kama marehemu baba. Nikamwambia ahsante.

Walinzi, chakula chao, tochi, na korosho zilizoibwa: shilingi milioni moja, laki mbili na elfu themanini na tano.