Gurudumu Lililonyamaza Njia ya Mikumi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mradi mmoja wa kilimo pale Kilosa, niliingia na shahada ya uhandisi na viatu vinavyong'aa. Mkuu wa Karakana hakuvitazama vyote viwili. Alinionyesha gari, akauliza, "Linasemaje?"

"Linalia, mkuu."

"Mtoto ndiye anayelia. Hili linanguruma, linasaga au linagonga?"

Chuoni hawakutufundisha vitenzi. Nilijifunza pale: gurudumu la mbele likinguruma, beringi imechoka, likisaga, breki zimekwisha na chuma kinakula chuma, likigonga kwenye mashimo, ni boljointi, ile nyonga ya gari. "Na likigonga pasipo shimo," alisema, "shuka kwanza, fikiri baadaye."

Baadaye nilihamishiwa Mikumi, chini ya Msimamizi wa Usafiri, bwana aliyeamini kwamba magari huharibika kwa kuzungumziwa. Mchana mmoja nilikuwa narudi kutoka Kilosa na dereva wetu, Mzee Athumani, tukasimamishwa kijijini Masanze. Binti mmoja alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto hatoki. Tukamlaza nyuma pamoja na mama yake, tukaelekea hospitali, Mikumi.

Hatujafika mbali, gurudumu la mbele kushoto likaanza: go, go, go. Njia ilikuwa tambarare.

"Mzee, naomba tusimame."

"Injinia, wewe hata kengele ya mbuzi inakutoa jasho." Akakanyaga mafuta. Mlio ukafifia, ukaisha. "Umeona? Limeona aibu."

Mlio unaokufa mwendo ukiongezeka mara nyingi ni nati zilizolegea: gurudumu hutulia likienda kasi, huku nati zikiendelea kujifungua. Na humo garini, aliyetakiwa kujifungua hakuwa nati.

"Mzee, simama!"

Akasimama. Mama akagonga kioo. "Mwanangu anakufa huku, nyie mnasimama?"

Nilishuka, nikapiga magoti kwenye gurudumu. Kama nimekosea, nimemuua binti wa watu kwa uoga wangu.

Nati zilizunguka kwa vidole. Mzee Athumani akashika kichwa. "Loo! Shehe!"

Asubuhi ile, mzee akibadili tairi, shehe wake alikuwa amepita. Huwezi kumwamkia mtu wa heshima na spana mkononi. Aliiweka chini, wakashikana mikono, wakaulizana ya nyumbani, ya shamba, ya wagonjwa. Shehe alipoondoka, mzee akashusha jeki, akawasha gari.

Tulizikaza, tukaondoka. Mtoto alizaliwa hospitalini, salama yeye na mama yake. Bibi yake alinishukuru, ila kwa ajili ya kule kusimama, mkono hakunipa.

Sasa nimestaafu, mapema na kwa hiari. Wenzangu wa rika hili wanaogopa presha na sukari. Mimi, tukiwa safarini, huzima redio na kuteremsha kioo, na gari likiwa kimya kabisa namwomba mke wangu apunguze mwendo kidogo, tusikie.