Plastiki Isiyotaka Baridi

Maabara nzima ilimwita Mama Sweta, maana sweta hakuivua hata jua likiwaka la kupasua mawe. Kazi yake ilikuwa kubuni plastiki ya ajabu: unaiyeyusha kwenye kimiminika, unaipaka kwenye kioo, na ikipigwa na mwanga inatoa umeme. Miaka sita alihangaika na urefu wa mikia inayoning'inia kwenye molekuli zake. Mikia ikiwa mirefu, plastiki iliyeyuka vizuri lakini umeme ukagoma kupita. Ikiwa mifupi, plastiki ilikaa chupani kama changarawe. Mwishowe akapata mkia wa wastani, na seli zake za umeme wa jua zikazipita zote za pale.

Lakini mkuu wao alikuwa mtu asiyeamini hata saa yake mwenyewe. "Ikikubali mikono yako tu, huo si utaalamu, ni uganga," alisema. "Shemeji yako airudie. Ikimshinda, tunaiacha. Na wewe usiguse kitu."

Shemeji, mume wa dada yake, ndiye aliyekuwa bingwa wa kupaka utando kwenye vioo. Joto hakulivumilia hata kidogo. Kiyoyozi alikiwasha mpaka watu wakasugua viganja. Akapaka kioo cha kwanza, kikatoka mabaka mabaka. Cha pili, yale yale. Mama Sweta alisimama kando, roho ikimuuma kweli kweli.

"Shemeji, unaniulia mtoto!"

"Mimi tena? Si uji wako wenyewe unaganda!"

Mama Sweta akaitazama chupa. Kweli, ilikuwa nzito kama uji wa jana. Yeye huwahi asubuhi, huzima kiyoyozi, na chupa na vioo vyote huviweka juu ya jiko la umeme, pale pale anapoota moto. Hayo hakuyaandika popote. Nani huandika kwenye maelekezo kwamba anasikia baridi?

"Zima kiyoyozi," akasema. "Pasha chupa, pasha na kioo."

"Na mimi je?"

"Wewe utapashwa bure."

Shemeji alijifunga kitambaa kichwani jasho lisidondokee kazi. Kioo cha tatu kikatoka laini, buluu iliyokoza. Wakakiweka chini ya taa, mshale wa mita ukaruka. Mkuu akataka kingine, na kingine tena. Vyote sawa.

"Haya," akakubali. "Tunaendelea nayo."

Mama Sweta akaketi sakafuni, akalia huku anacheka.

"Kwenye ripoti na jina langu liwemo," shemeji akasema, akikamua kitambaa. "Nimechemka kuliko hiyo plastiki."