Chandrakala na Chumba cha Pembeni

Chandrakala Dahal alikuwa na maradhi mawili: mgongo, kwa sababu ya kuinamia nyuso za watu kutwa nzima, na kuuliza maswali. Ya mgongo yalikuwa na dawa.

Alitinda nyusi kwa uzi katika saluni ya Mandira, pale Jackson Heights, Queens, New York, chini ya njia ya treni, ambako Wanepali tumejazana mpaka mtu anaweza kumaliza wiki bila kutamka neno la Kiingereza. Mteja hulala kitini, macho kafumba, ngozi ya paji kaivuta kwa vidole vyake mwenyewe. Aliye katika hali hiyo hakimbii swali. Chandrakala aliuliza huku ncha ya uzi ameibana kwa meno, na wateja walikwisha kumzoea, wakamwelewa hivyo hivyo.

Mwaka ule swali lilikuwa moja tu. Chumba cha pembeni cha uwanja wa ndege kikoje?

Hakuuliza kwa umbea, au tuseme umbea haukuwa wote. Mumewe Rudra, mpishi wa hospitali, ana uraia. Yeye maombi yake ya kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, yalikuwa bado mezani kwa wenyewe wa uhamiaji. Anayesubiri hivyo akitoka nchini bila ruhusa ya kusafiri, maombi yanakufa. Huhesabiwa ameyatupa mwenyewe. Akitoka nayo, wakati wa kurudi ruhusa hiyo humfikisha mlangoni tu. Pale mlangoni hapiti na wenzake. Hupelekwa chumba cha pembeni, na huko afisa ndiye mwenye kusema aingie au arudi alikotoka. Viza yake ya zamani ilikwisha kitambo. Akikataliwa, Rudra atabaki Queens na kitanda cha watu wawili, na yeye atabaki Tanahun, kule Nepal, na mbuzi wa mama yake.

Na mama ndiye aliyekuwa akimwita. Macho ya bibi yule yalikuwa yanazimika, na kila sikukuu ya Dasain ikifika alisema kwenye simu, "Njoo nikupake tika ningali naona paji lako liko wapi." Tika ya mzazi, ile baraka ya pajini, haipakwi kwa simu, ingawa wapo wanaojaribu, wanapaka kioo cha simu mchele na mtindi kisha wanashangaa simu imekufa.

Basi ruhusa ilipotoka, karatasi yenye picha yake na uso umevimba kwa usingizi, Chandrakala alianza uchunguzi.

"Kuna baridi mle," alisema mteja mmoja aliyewahi kupita. "Nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

"Mimi nilitokwa jasho," alisema mwingine kutoka kiti cha pili. "Wanakuuliza mume analala upande gani wa kitanda."

"Na wako analala upande gani?"

"Wangu analala sebuleni. Nilinyamaza."

Mandira, mwenye saluni, alikuwa akipanga mikebe ya unga wa uso huku amenuna. Ni mwanamke mpana, amekaa Marekani kuliko sisi wote, na hapendi habari asiyoitoa yeye. "Chandrakala, mdogo wangu, wewe chumba unakitakia nini? Unakwenda kukipangisha?"

"Dada, nikijua kilivyo sitaogopa."

"Utaogopa tu. Wewe la kujua ni moja. Usibebe chakula. Hapa hakuna mtu anayerudishwa kwa dhambi, wanarudishwa kwa achari."

Hilo alilishika. Akasafiri, na kule nyumbani Tanahun, siku ya kurudi Marekani ilipokaribia, majirani walikuja na mizigo yao kama kawaida yetu. Mmoja alileta gundruk, zile mboga zilizochachushwa na kukaushwa, ampelekee mwanawe Texas, kana kwamba Texas iko nyuma ya nyumba yake. Mwingine alileta samli. Wifi yake alileta nyama kavu ya mbuzi, kaifunga ndani ya soksi mpya.

"Wifi, hata soksi sichukui," alisema Chandrakala.

"Umekuwa Mmarekani kabla hata kadi haijatoka," wifi akajibu, akaivaa soksi moja palepale na kuondoka na nyama mkononi.

Siku ya mwisho ya sikukuu, mwezi ukiwa mpevu, mama alimkalisha mkekani. Alitafuta uso wa bintiye kwa vidole, akaanzia kidevuni, akapanda. Vilipofika kwenye nyusi vilisimama.

"Zimelala vizuri. Nani anakutinda?"

"Mwenyewe, mama, mbele ya kioo."

"Ndiyo maana ya kushoto imezidi." Kisha akaibandika tika, mchele mwekundu uliokorogwa na mtindi, donge kubwa la kufunika paji zima, maana kwa asiyeona vizuri kipimo ni mkono. Akamchomeka nyuma ya sikio jamara, yale machipukizi ya shayiri yanayooteshwa gizani mpaka yawe ya njano. Baraka zenyewe za kisomi hakuwa nazo. Hizo ni za makuhani. Alisema lake. "Uishi sana. Na mlango uliotokea usikufungie."

Halafu akafunga shada jingine la jamara kwenye pindo la shali ya Chandrakala. "Hili la mkwe wangu. Mwambie nimempa kwa mkono wangu."

Tika haifutwi. Huachwa ianguke yenyewe. Jamara ya sikioni ilinyauka, akaiacha kwenye shina la mti kwa mama, lakini Chandrakala alipanda ndege na donge lake usoni, akabadilisha ndege Doha nalo, na kila alipopiga chafya punje moja ilidondoka kwenye chakula cha jirani yake, bwana mmoja mwenye tai aliyeamua kutouliza.

Kule New York afisa wa kwanza aliitazama ile karatasi, akamtazama yeye, akatazama paji. "Umebeba chakula, mimea, mbegu, nyama?"

"Sina," alisema Chandrakala, na alisema kwa fahari, maana begi lake lilikuwa safi kama la mtawa. Aliwakumbuka majirani wote aliowaudhi. Afisa akaiweka karatasi ndani ya bahasha ngumu, akamwonyesha mlango.

Na hicho ndicho kilikuwa chumba cha pembeni. Alikiangalia kwa hamu kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa mara ya kwanza. Viti vilivyopigiliwa sakafuni. Meza ndefu iliyoinuka, maafisa nyuma yake. Baridi ilikuwepo, jasho nalo lilikuwepo. Wale wateja wawili wote walisema kweli. Familia ya watu wa Brazili ilikuwa ikigawana biskuti moja. Mwisho wa chumba kulikuwa na mlango wa kijivu usio na kitasa kwa upande huu.

Ukutani palikuwa na picha. Tufaha, limepigwa mstari mwekundu. Soseji, mstari. Na jani la kijani kibichi lenye mizizi, mstari.

Chandrakala aliitazama ile picha ya jani. Kisha mkono wake, bila kuulizwa, ukaenda kwenye pindo la shali.

Hakuwa amedanganya. Aliulizwa kuhusu mimea, naye jamara hakuwahi kuiweka kwenye hesabu ya mimea tangu azaliwe. Nani nyumbani kwetu huita jamara mmea? Ni baraka. Ukiulizwa kama umebeba mimea hutaji baraka, kama vile ukiulizwa kama una mbwa huwezi kumtaja shemeji. Alijitetea hivyo kwa muda. Akajaribu na njia nyingine: lile jani la ukutani ni la kijani, hii ni ya njano. Kisha akapapasa fundo kwa kidole, akagusa kitu kidogo kigumu. Punje ya shayiri, na mizizi yake imekaa vizuri kama nywele za mtoto.

Angeweza kukaa kimya. Begi lilikuwa halijafunguliwa, na shali ni shali. Lakini aliona wazi jinsi itakavyokuwa: fundo likifunguliwa na afisa, yeye ni mwongo aliyeapa hana kitu, na mwongo hana kadi. Akilifungua mwenyewe, yeye ni mjinga. Mjinga ana nafuu. Na Rudra je? Ni jamara yake, ya mkono wa mama mkwe, ambayo mwakani huenda isiwepo.

Jina lake liliitwa, limevunjwavunjwa. Afisa alikuwa mwanamke mnene wa makamo, na kitu cha kwanza alichokiona Chandrakala ni nyusi zake. Mtu alizitinda vibaya. Moja ilikuwa nyembamba kama uzi wenyewe, nyingine ilikuwa bado haijasikia habari.

"Unafanya kazi gani?"

"Natinda nyusi."

Mkono wa afisa ulipanda usoni kidogo, ukashuka. Akageuza karatasi. "Ulikwenda kufanya nini Nepal?"

"Kupakwa hii." Chandrakala alionyesha paji. Kisha, kabla ulimi haujaganda, akaivua shali, akaiweka juu ya meza na kufungua pindo. "Na hii. Pale mbele niliulizwa mimea nikasema sina. Nilisema kweli kwa akili ya nyumbani. Nimekaa hapa, nimeiona picha ile, nimeona kuwa kwa akili ya hapa ni mmea."

Afisa aliinama. Yale machipukizi yalikuwa yamelala juu ya sufu, ya njano, yamesinyaa kidogo.

"Imeoteshwa wapi?"

"Chumbani, gizani. Haioni jua."

"Kwa nini haioni jua?"

Chandrakala aliyatazama machipukizi. Maisha yake yote ameuliza watu maswali, na hili, la jambo alilolifanya kila mwaka utotoni, hakuwahi kuliuliza. "Sijui," alisema. "Nitamuuliza mama."

"Na mama husema nini akiiweka?"

"Wengine husema maneno marefu ya makuhani. Wangu alisema mlango niliotokea usinifungie."

Afisa hakucheka wala hakununa. Alivaa glavu, akaichukua jamara na kuitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Mnaitupa?"

"Inachomwa."

Chandrakala alifikiri. Kwetu jamara haitupwi jaani. Ikinyauka hupelekwa mtoni au kwenye shina la mti. Lakini moto nao ni wa heshima, maiti zetu na sala zetu zote hupitia humo. "Basi sawa," alisema.

Yule mwanamke aliandika kitu kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Alitazama skrini, akamtazama Chandrakala, akatazama donge lile jekundu ambalo sasa lilikuwa limepasuka katikati kama ardhi ya kiangazi. "Siku nyingine, ukiulizwa, taja kila kitu. Hata usichokiita kitu." Muhuri ukashuka.

Rudra alikuwa nje, ameegemea nguzo na koti la kazi. Alimtazama mkewe kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayehakikisha hakuna kilichobaki kule.

"Mama kakupa nini changu?"

"Jamara. Kwa mkono wake."

"Iko wapi?"

"Serikalini."

Rudra akachukua begi. "Basi serikali imebarikiwa kabla yangu," alisema. "Labda sasa watakuwa na haraka na hiyo kadi." Alimwinamia, akaiokota punje moja nyekundu iliyokuwa imening'inia kwenye nyusi ya kushoto, akaibandika kwenye paji lake mwenyewe. Haikukaa, ila aliijaribu mara ya pili.

Saluni walimsubiri kama bibi harusi. Hata Mandira alisogeza kiti karibu, akijifanya anatafuta mkasi.

"Sema basi. Kikoje?"

"Kuna viti," alisema Chandrakala. "Na meza."

"Viti na meza," Mandira akasema. "Miezi yote ile umetutoboa masikio kwa ajili ya viti na meza."

Chandrakala alivuta uzi, akaibana ncha kwa meno. Mteja akafumba macho. Uzi ukakwaruza, treni ikapita juu.

"Lakini, dada," akasema, meno yamebana, "mle ndani kuna mlango mwingine, hauna kitasa. Hivi hapa hakuna mtu aliyewahi kupelekwa huko?"